Shamba la miembe Dodoma: anza na maji ya Oktoba

Ukitaka kununua shamba la miembe Dodoma, nenda ukalitazame mwezi wa kumi. Machi kila shamba ni zuri: mtama umesimama, nyasi zimefunika makorongo, kisima kimejaa, na dalali anatembea mbele yako akionyesha mipaka kwa mkono. Oktoba ndipo ardhi inapoonekana ilivyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida. Baada ya hapo ni jua na upepo kwa miezi saba.

Mwembe kwa upande mmoja unaipenda hali hiyo, maana ukavu na baridi ya usiku wa Juni na Julai ndivyo vinavyouamsha utoe maua. Shida ni kwamba tunda lenyewe linajaa Agosti hadi Novemba, wakati visima viko chini kabisa. Yaani mti unadai maji mengi zaidi katika miezi ambayo hakuna. Ukilishika hilo, maamuzi mengine karibu yote yanajipanga yenyewe, kuanzia bei ya kukubali hadi idadi ya miche.

Iko hesabu moja ambayo wanunuzi wengi huiruka. Mche wa mwaka wa kwanza unatosheka na ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Ukipanda kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, ekari inaingia miche 40, kwa hiyo ni lita 1,600 kwa wiki. Maji hayo hata guta lenye tangi linayaleta. Mtu akiona hivyo anapata moyo, anapanda ekari kumi. Mwaka wa sita mti uleule una mwavuli wa mita nne, na ili tunda lijae unahitaji lita 40 hadi 50 kwa siku tangu matunda yafikie ukubwa wa punje ya karanga. Ekari moja sasa inadai lita 2,000 kwa siku, sawa na 14,000 kwa wiki, karibu mara tisa ya mwanzo. Kisima kinachotoa lita 1,000 kwa saa, kikiwa na pampu ya sola inayovuta vizuri saa tano, kinakupa lita 5,000 kwa siku. Hizo ni ekari mbili na nusu, miti 100. Ardhi inayobaki ilime mtama, karanga au alizeti, na uiache hivyo mpaka upate chanzo kingine cha maji.

Kisima cha muuzaji usikikubali kwa maneno. Omba pampu iwashwe, uweke pipa la lita 200 na saa mkononi. Likijaa kwa dakika 12, hizo ndizo lita 1,000 kwa saa. Kisha pampu iendelee kuvuta, na baada ya saa nne au tano upime tena. Visima vingi vya huku huanza kwa nguvu halafu vinapungua hadi nusu, na kipimo cha pili ndicho unachonunua. Kama hakuna kisima na unafikiria kuchimba, fanya upimaji wa maji ardhini kabla ya kulipia shamba, kwa sababu shimo linaweza kuvuka mita 100 na likatoka kavu. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kutoka bodi ya maji ya bonde. Sehemu kubwa ya maeneo ya jiji yako Bonde la Wami/Ruvu, na ukielekea Bahi na Manyoni unaingia Bonde la Kati.

Halafu chumvi. Maji ya ardhini ya Dodoma mara nyingi yana chumvi, na mwembe hauivumilii kama mnazi au mtende unavyoivumilia. Peleka chupa ya maji maabara, uulize kipimo cha chumvi yake. Kikizidi 1.5 dS/m (desisiemeni kwa mita) hivi, jihadhari sana. Dalili zipo hata bila maabara: tembelea miti ya jirani inayomwagiliwa na maji yaleyale. Ukiona majani makubwa yameungua kingo kuanzia nchani, kahawia kavu, huku katikati yakiwa kijani, na kwenye bakuli la udongo linalozunguka mti kuna utando mweupe, umeshapata jibu. Shamba la namna hiyo linafaa mtama. Kwa miembe, liache.

Majirani wenyewe ndio wanaojua zaidi. Ukifika, toa mbukwa yako, yaani salamu ya Kigogo, kaa kwenye kigoda, zungumza habari za nyumbani, ndipo uulize: maji yalikauka mwezi gani mwaka ule mbaya? Ng'ombe wanapita wapi baada ya mavuno? Huku mtama ukishavunwa mifugo inaachiwa mashambani, na kama shamba lako liko kwenye mapito ya zamani, uzio utavunjwa kila mwaka. Mzee wa kitongoji atakueleza yote hayo kwa nusu saa, na hayamo kwenye karatasi yoyote ya mauzo.

Kuhusu udongo, kinachotakiwa ni tifutifu wa kichanga mwekundu wenye kina. Chimba mashimo mawili au matatu ya mita moja na nusu, moja likiwa sehemu ya chini kabisa ya shamba. Unatafuta tabaka gumu. Mara nyingi linakaa kati ya sentimita 50 na 80, jembe linagonga na kurudi. Tabaka jembamba linaweza kuvunjwa kwa sururu wakati wa kuchimba mashimo ya kupandia, lakini likiwa nene, mzizi mkuu utalala ubavu na mti utadumaa mwaka wa nne au wa tano, wakati umeshatumia pesa zote. Ukishatazama, mimina maji kwenye shimo mpaka nusu. Yakiwa bado yamesimama kesho yake saa zilezile, hapo si pa miembe. Udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika usiuguse kabisa. Na tazama makorongo: korongo dogo la leo juu ya mteremko linakula shamba lako baada ya misimu michache. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu mmomonyoko wa namna hiyo ulikuwa umeharibu maeneo makubwa, hasa Kondoa.

Ukubwa wa shamba nao upimwe. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70, na hatua ni za mtu anayetembea. Hatua ya sentimita 90 inakupa mita 63 kwa 63, karibu kabisa na ekari halisi ya mita za mraba 4,047. Hatua ya sentimita 80 inakupa mita 56 kwa 56, ambazo ni mita za mraba 3,136. Katika ekari tano umeshapoteza zaidi ya ekari moja bila mtu yeyote kukudanganya. Tembea na futi kamba au kifaa cha GPS, majirani wa mipaka yote wakiwepo.

Kwenye sheria nitasema machache ila nasisitiza kila moja. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na mauziano yasiyoidhinishwa na halmashauri ya kijiji hayana nguvu hata kama mwenyekiti ametia sahihi na mhuri. Omba kuona muhtasari wa kikao, pata nakala, na malipo yoyote ya kijiji yawe na stakabadhi. Kama ardhi ni ya urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa peke yake hatoshi. Mke au mume wa muuzaji asaini naye. Na kama shamba liko ndani ya eneo la jiji, pande za Zuzu, Nala, Hombolo au Mpunguzi, nenda kwanza ofisi ya ardhi ya jiji uulize eneo limepangiwa nini. Tangu serikali ihamie Dodoma na mji upewe hadhi ya jiji mwaka 2018, mashamba mengi yamepimwa kuwa viwanja, na mwembe unahitaji sehemu itakayobaki shamba kwa miaka 30.

Sasa miche. Nunua miche ya kubebesha, yaani iliyoungwa juu ya shina la mwembe mwingine, na uichague mmoja mmoja. Tazama kovu la kuungia: liwe sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo, unene wa shina juu na chini ya kovu uwe karibu sawa, na utepe wa nailoni uwe umeshaondolewa. Utepe uliosahauliwa unakaba shina na mche unakatika na upepo wa Agosti. Kisha mwombe mwenye kitalu akukatie kiriba kimoja, ule mfuko wa mche, uone mizizi. Ikiwa imejizungusha chini mara mbili tatu, miche hiyo imekaa kitaluni muda mrefu mno. Mzizi uliojikunja haufuati maji chini, na huku kwetu mti usiofuata maji chini hauna maisha.

Kwa aina, ninashauri usiweke shamba zima aina moja. Tommy Atkins ina rangi nzuri, ganda gumu, inavumilia safari na magonjwa ya maua kuliko nyingine. Apple inapendwa sana na walaji lakini inashikwa haraka na ubwiri unga, ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua. Kent ni tamu, haina nyuzi, nayo inataka dawa kwa wakati. Keitt inachelewa kukomaa, jambo zuri kwa bei kwa sababu Desemba soko la Majengo na masoko ya Dar es Salaam yanajaa maembe ya kila mahali. Dodo acha michache kwa ajili ya nyumbani na wateja wa karibu. Hawa hawatakosekana.

Mashimo yachimbwe Septemba na Oktoba, sentimita 60 kila upande, au 90 pale penye tabaka gumu. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto. Wakati wa kufukia, changanya ule wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza kabisa, ujaze shimo, uliache linywe mvua za kwanza na kutulia. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa, kwa hiyo ishike mkononi: iliyooza ni nyeusi, inasagika, na haina harufu ya zizi. Panda mvua ikishashika, udongo ukiwa umelowa angalau sentimita 30 kwenda chini. Usiharakishwe na mvua ya siku moja ya Novemba. Kiriba kiondolewe chote, mzizi uliojikunja ukatwe kwa kisu kikali, na kovu la kubebesha libaki juu ya ardhi. Ukilifukia, shina la chini linachipua na kuwa mti, na unajikuta na embe la kienyeji ambalo hukulinunua. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu yang'oe yakiwa bado laini, kila wiki.

Kila mti upewe tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, upana wa mita tatu au nne, kimo cha sentimita 30, likifungukia juu ili likamate maji yanayoteremka. Udongo wetu unafunga uso mvua ikipiga kwa nguvu, na maji mengi hukimbia yakaishia korongoni. Tuta hilo linaweza kuwa na faida kuliko wiki kadhaa za kubeba ndoo. Mwisho wa Machi weka matandazo ya mabua ya mtama unene wa kiganja, lakini uache sentimita 20 wazi kuzunguka shina. Mchwa ndiye adui mkubwa wa miaka miwili ya kwanza: anakuja kwa mabua makavu, akimaliza anahamia kwenye gome. Majivu yanamzuia kwa siku chache tu. Pale anapozidi, tumia dawa ya mchwa iliyosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, uimwage kwenye udongo kuzunguka mche kwa kipimo cha lebo, na umwagilie vizuri, maana mchwa hupenda kuanza na mche wenye kiu.

Upepo usiuchukulie kama jambo dogo. Kuanzia Juni unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, unakausha maua na kuangusha matunda machanga. Panda safu mbili za miarobaini au mijohoro upande huo mwaka uleule unaopanda miembe, mita 10 kutoka safu ya kwanza. Mikaratusi usiipande. Itakunywea maji. Uzio wa minyaa au makatani unashikilia mbuzi ukiwa umeshona, na kati ya uzio na miti fyeka kinga ya moto ya mita nne kila Juni.

Mche ukifika sentimita 80, kata ncha, uchague matawi matatu au manne yaliyotazama pande tofauti. Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondoe yote. Wa tatu acha matunda machache kwenye mti wenye nguvu tu. Najua inauma, ila mti uliozaa ukiwa mdogo hudumaa.

Miti ikishafikia kuzaa, mwezi wa Mei unafunga maji kabisa. Usipoyafunga, mti unatoa majani badala ya maua. Unayafungua tena matunda yakifikia ukubwa wa karanga, kidogo kidogo kwa wiki ya kwanza, kisha kwa kiasi kilekile kila mara. Kumwagilia kwa kushtukiza, leo mengi na wiki mbili hakuna, kunapasua matunda na kuangusha mengine.

Kipindi cha maua ndipo mazao yanapopotea, na yanapotea kimya kimya. Pita shambani asubuhi na mapema, umande ukiwa haujakauka, ushike shada moja na ulitazame karibu. Ukiona unga mweupe kwenye vikonyo vya maua, kama vile umepakwa kwa brashi, huo ni ubwiri unga, na bila hatua shada lote linakuwa jeusi na kudondoka kwa siku chache. Hewa kavu ya Dodoma inatupunguzia sana chule, ugonjwa unaowatesa wa Pwani, lakini ubwiri unga unapenda hasa usiku wetu wa baridi na mchana mkavu. Salfa ya kuyeyusha katika maji, gramu 40 hadi 60 kwa bomba la lita 20 kufuatana na lebo, ipulizwe shada linapochomoza na kabla maua hayajafunguka, kisha irudiwe kila baada ya siku 10 hadi 14 mpaka matunda yashike. Puliza asubuhi au jioni, kwani salfa kwenye jua kali inaunguza maua. Dawa ya wadudu usiipulize maua yakiwa wazi: yanachavushwa na nyuki na hasa nzi wa kawaida, na ukiwaua hao utabaki na mashada mazuri yasiyo na tunda.

Nzi wa matunda ni habari nyingine. Huyu mkubwa anayetusumbua, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na akaenea haraka. Jike anatoboa tunda linalokaribia kukomaa na kutaga mayai ndani, na kwa nje unaona tundu dogo kama la sindano. Mitego yenye kivutio cha madume inakusaidia kujua wamefika na kuwapunguza, ila haikamati majike, kwa hiyo mtego peke yake hautoshi. Itundike mita moja na nusu hadi mbili juu, kivulini. Ongeza chambo cha protini kinachopakwa kwa matone kwenye majani. Kazi kubwa kuliko zote ni ya kila siku: okota kila tunda lililoanguka, ulifukie zaidi ya nusu mita au ulifunge kwenye mfuko mweusi juani kwa wiki nzima. Funza wakiachwa wanaingia ardhini na kutoka wakiwa nzi wapya. Idadi yao inapanda sana mvua za kwanza zikinyesha, na ndiyo sababu matunda yanayokomaa kabla ya mvua yanakuwa safi zaidi.

Kuvuna, tazama mabega ya tunda: yakijaa na kupita kidogo pale kikonyo kiliposhikia, kata moja la mfano. Nyama iliyo karibu na kokwa ikianza kuwa ya njano na kokwa likigoma kisu, limekomaa. Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo cha sentimita tano, usivute na usitikise mti. Kivulini, kipunguze kikonyo hadi sentimita moja na uligeuze tunda kichwa chini juu ya chanja kwa muda wa nusu saa hadi saa moja utomvu udondoke. Utomvu ukimwagikia ganda unaacha michirizi myeusi, na mnunuzi anashusha bei hapo hapo. Panga kwenye kreti za plastiki zilizotandikwa karatasi. Matenga na viroba vya lumbesa huponda matunda ya chini kabla gari halijafika Morogoro.

Mti ukishavunwa pogoa mara moja, Januari au mwanzo wa Februari, udongo ukiwa bado na mvua: toa matawi makavu, yanayogusa ardhi na yanayoziba katikati, punguza kimo kibaki mita nne, kisha weka madebe matatu au manne ya samadi chini ya ukingo wa mwavuli. Chipukizi linalotoka hapo linapata miezi minne hivi ya kukomaa kabla ya baridi ya Juni. Ukipogoa Aprili, chipukizi litakutwa na Juni likiwa bado changa, na tawi hilo halitatoa maua mwaka huo.